Chama chetu kinataka faini za mwendo zikatwe nusu. Je, niutie sahihi waraka wao?

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, naomba unisaidie kwa jambo lililonifika shingoni. Mimi ni katibu wa chama cha madereva. Wanachama wetu wengi ni waajiriwa wanaoendesha magari ya abiria na ya mizigo midogo, na wachache wana magari yao wenyewe. Kamati inayopitia sheria za usalama barabarani imetangaza kwamba inapokea maoni ya vyama na ya mtu mmoja mmoja kuhusu adhabu za mwendo wa kasi. Mkutano wetu umekwisha kuandaa waraka, na kwa nafasi yangu mimi ndiye ninayetakiwa kuutia sahihi na kwenda kuusoma mbele ya kamati.

Waraka una madai matatu. La kwanza ni kwamba faini zote za mwendo zipunguzwe kwa nusu. La pili ni kwamba trafiki wasijifiche vichakani na tochi za kupimia mwendo, na kamera zilizofichwa ziondolewe. La tatu ni kwamba dereva ambaye kuendesha ndiyo kazi yake asikatwe pointi za leseni, kwa sababu akifungiwa leseni familia nzima inakosa chakula.

Sitaki udhani kwamba wanalalamika bure. Mwanachama wetu mmoja alipigwa tochi akiwa na mwendo wa 63 mahali penye kikomo cha 50, chini ya mteremko ambako kikomo kinashuka ghafla kutoka 80 na kibao chenyewe kimefunikwa na tawi. Faini aliyoandikiwa ilikuwa sawa na mshahara wake wa wiki nzima. Akiwa bado anasubiri karatasi yake, lilisimamishwa gari kubwa la kifahari lililokuwa likienda kwa kasi kuliko yeye. Mwenye gari hakushuka wala hakuzima injini. Alitoa mkono dirishani, akalipa kiasi kile kile, akaondoka kwa kasi ile ile aliyokuja nayo. Mwanachama wetu naye, ili azibe pengo la wiki hiyo, akaanza kuchukua safari za usiku juu ya zile za mchana.

Kwa upande mwingine, dada yangu mkubwa ni muuguzi katika chumba cha majeruhi. Nilipomwonyesha waraka aliusoma mpaka mwisho, akaurudisha mezani na kusema: “Mdogo wangu, kila anayetaka faini ipungue aje akeshe nami zamu moja.” Hatujalizungumza tena jambo hilo, na ninaona kwamba ananisubiri. Wanachama nao wameona nasitasita, na baadhi yao wameanza kunong’ona kwamba nimenunuliwa.

Je, niwasikilize wenzangu, ambao naamini wanaonewa, au nimsikilize dada yangu, ambaye naamini anasema kweli?

Katibu aliye njia panda

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Katibu,

Usiutie sahihi waraka huo kama ulivyo, lakini pia usijiuzulu wala usimsukumie mtu mwingine mzigo wa kuusoma. Urudishe kwa wanachama uandikwe upya. Malalamiko yaliyomo ni ya kweli, ila madai yaliyotokana nayo, kama yangekubaliwa yote kesho asubuhi, yangemnufaisha yule mwenye gari la kifahari kuliko mwanachama wako wa mteremkoni. Sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu dai la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloonekana kuwa na huruma kuliko mengine na ndilo lenye kasoro kubwa zaidi.

Kwanza nimalizane na hoja ya dada yako, maana haihitaji maneno mengi. Chukua magari mawili yanayofanana, barabara kavu, breki nzima, na madereva ambao kila mmoja anahitaji sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu wake ukanyage breki. Moja linakwenda kilomita 50 kwa saa, jingine 60. Mtoto anatokea mita 28 mbele yao. Gari la 50 litakwenda takriban mita 14 kabla breki hazijaanza kushika, kisha mita nyingine 14 hivi za kupunguza mwendo, na litasimama likiwa karibu kumgusa. Gari la 60 litakwenda karibu mita 17 kabla ya breki, na likifika pale aliposimama mtoto bado litakuwa na mwendo wa takriban kilomita 40 kwa saa. Hiyo ndiyo tofauti ya kilomita 10 ambayo madereva wengi huiita ndogo, na faida yake katika safari ya kilomita 10 ni dakika mbili. Shirika la Afya Duniani, ambalo hukadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, linaeleza kwamba kila wastani wa mwendo unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Kwa hiyo mwanachama wako mwenye 63, tawi liwepo lisiwepo, hakuonewa kwa kusimamishwa. Alionewa katika yale yaliyofuata.

Sasa tulitazame dai la kupunguza faini kwa nusu. Faini ya kiwango kimoja kwa wote huonekana ya haki ikiwa kwenye karatasi, kwa sababu sheria haimwangalii mtu usoni. Tatizo ni kwamba haiuangalii mfuko wake pia. Ukiikata nusu, mwanachama wako ataumia kwa nusu wiki badala ya wiki nzima, na hilo kwake ni nafuu ya kweli. Yule mwingine, ambaye hakuihisi faini ilipokuwa nzima, hataihisi ikiwa nusu. Baada ya mageuzi yenu, mmoja bado anaadhibiwa na mwenzake bado analipa ada ya kupita kwa kasi. Zaidi ya hayo, wale wa katikati, ambao leo hupunguza mwendo kwa kuhofia kulipa, baadhi yao wataacha kuhofia. Mtakuwa mmeomba mageuzi ambayo hayajaleta usawa na yamepunguza usalama, na dada yako atakuwa na haki ya kuwauliza mlikuwa mnatetea nini hasa.

Kuna nchi zilizolitazama tatizo hili kwa jicho jingine. Ufini ilianzisha faini za siku mwaka 1921. Kwa utaratibu huo, kosa halihesabiwi kwanza kwa pesa, linahesabiwa kwa siku: kadiri lilivyo zito, ndivyo idadi ya siku inavyoongezeka. Kisha thamani ya siku moja hukadiriwa kwa kila mtu kutokana na mapato yake, na huwa takriban nusu ya kile kinachobaki kwa siku baada ya kodi na kiasi kidogo cha kujikimu kutolewa. Watu wawili wenye kosa moja hupewa siku zile zile, lakini fedha wanazolipa hutofautiana. Mwaka 2002 mkurugenzi wa kampuni kubwa ya simu alitozwa takriban yuro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa mwendo wa 75 mahali pa 50. Baadaye faini hiyo ilipunguzwa sana alipothibitisha kwamba mapato yake yalikuwa yameporomoka, jambo linaloonyesha kwamba mizani hiyo hupanda na kushuka. Mwaka 2023, katika visiwa vya Åland vilivyo chini ya nchi hiyo, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa na mwendo wa 82 mahali pa 50 alitozwa yuro 121,000, na akanyang’anywa leseni kwa muda. Sidhani kama alitoa mkono dirishani.

Hata hivyo naomba usiende kwenye mkutano na mfano huu kana kwamba ni ufunguo wa kila mlango. Huko Ufini faini za siku huanza pale dereva anapozidisha kikomo kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Chini ya hapo hulipwa kiwango kisichobadilika, kwa hiyo mwanachama wako aliyezidisha 13 asingeifikia mizani yenyewe. Kosa lake ndilo kosa la watu wengi, na ndilo ambalo hata huko bado hutozwa bila kutazama mfuko. Nchini Uingereza nako, mwongozo wa hukumu ulioanza mwaka 2017 unawataka mahakimu wakadirie faini ya mwendo kwa kipato cha wiki, wakianzia asilimia 150 ya kipato hicho kwa kosa la ngazi ya juu. Lakini sheria imeweka kikomo cha pauni 1,000, au 2,500 kwa barabara kuu za kasi, na matokeo yake ni kwamba mizani hiyo huwapima watu wa kipato cha kawaida kwa uangalifu na kuwaachia matajiri wapite juu yake.

Kikwazo kikubwa zaidi ni jinsi ya kujua kipato. Polisi wa Ufini wanaweza kutumia faini za siku kwa sababu hupata taarifa za mapato kutoka kwa mamlaka ya kodi, na taarifa hizo kwa kawaida ni za kweli. Mahali ambapo watu wengi hujipatia riziki bila hati ya mshahara, mizani hiyo inaweza kugeuka silaha dhidi ya mnyonge, kwa maana mwajiriwa mwenye karatasi ya mshahara atapimwa mpaka senti ya mwisho, na mfanyabiashara ambaye vitabu vyake vinaonyesha hasara kila mwaka atahesabiwa kuwa maskini kuliko dereva wake. Ndiyo maana nisingewashauri mdai mfumo wa Ufini neno kwa neno. Ningewashauri mdai vitu ambavyo havihitaji taarifa nyingi: faini ipande haraka kadiri mwendo unavyozidi, ili mwenye 63 asilipe sawa na mwenye 110; faini ya makosa madogo iwe ya kiwango ambacho mwenye kipato cha chini anaweza kukilipa bila kukopa; anayethibitisha kipato kidogo apewe punguzo au alipe kwa awamu; na anayerudia kosa azidishiwe, awe nani awaye. Sheria ya jimbo la California ya mwaka 2023, iliyoruhusu majaribio ya kamera za mwendo katika miji michache, imefuata njia inayokaribiana na hiyo: faini inapanda kwa ngazi kulingana na mwendo uliozidishwa, na wenye kipato kidogo wanaweza kupunguziwa.

Hapo tayari mna dai lenye nguvu kuliko la nusu, na lina faida nyingine ya kisiasa, kwa kuwa mjumbe wa kamati hawezi kulikataa kwa kusema tu kwamba madereva wanataka ruhusa ya kukimbia.

Dai la pili ningeliunga mkono nusu. Wataalamu wa uhalifu wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Trafiki mmoja kichakani hawezi kuleta uhakika huo. Akikaa mahali pamoja kwa saa nzima, madereva watawashiana taa, kila mmoja atapunguza mwendo mita mia kabla yake na kuongeza mita mia baada yake, na atakayekamatwa ni yule ambaye hakuna aliyemwonya. Adhabu inakuwa bahati nasibu, na watu wakiiona hivyo huacha kuihusisha na kosa lao. Lakini dawa yake si kuondoa kamera. Dawa ni ukaguzi mpana, unaotangazwa na usio na upendeleo. Mfano mzuri ni kamera za wastani wa mwendo: ya kwanza hurekodi namba ya gari na saa lilipopita, ya pili hufanya vivyo hivyo kilomita kadhaa mbele, kisha umbali hugawanywa kwa muda. Katika kipande cha kilomita 6 chenye kikomo cha 80, gari halipaswi kufika kabla ya dakika nne na nusu, na likifika kwa dakika nne limekwenda kwa wastani wa 90, hata kama lilipita polepole mbele ya kila kamera. Hapo hakuna haja ya kujificha, na mtu anaweza kuambiwa kwa kibao kikubwa kwamba anapimwa.

Kamera pia haipokei kitu mkononi. Sikuuliza kama yule mwenye gari la kifahari alipewa risiti, na huenda nawe hukuiona. Malipo ya papo kwa papo kando ya barabara yana kishawishi ambacho sheria yoyote nzuri inapaswa kukiondoa, na waraka wenu ungefanya jambo la maana kudai kwamba kila faini ya mwendo ilipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, kamwe si kwa fedha taslimu barabarani.

Ufaransa ilianza kutumia kamera za kujiendesha zenyewe mwaka 2003. Mwaka 2002 watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za nchi hiyo. Mwaka 2010 walikuwa chini ya 4,000. Kamera hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini ni vigumu kudai kwamba hazikuchangia. Nchi hiyo hiyo inafundisha jambo la pili. Mwishoni mwa mwaka 2018, yalipozuka maandamano ya vizibao vya njano, sehemu kubwa ya kamera hizo zilichomwa, zilivunjwa au zilipakwa rangi, kwa kuwa waandamanaji wengi waliamini kwamba ziliwekwa kukusanya pesa. Imani hiyo ikishaingia, kamera inayookoa maisha na ile iliyotegwa kwa ajili ya mapato huchomwa pamoja. Na wakati mwingine imani hiyo ina msingi. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza polisi wa mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, ikakuta kwamba utekelezaji wa sheria mjini hapo uliongozwa na hitaji la mapato kuliko usalama wa wananchi. Kwa hiyo daini pia kwamba ofisi inayokamata isinufaike na kile inachokamata, na kwamba fedha za faini zielekezwe kwenye barabara zenyewe: matuta, vivuko vya waenda kwa miguu, taa, vibao. Katika ile sheria ya California niliyoitaja, fedha zinazobaki baada ya gharama za kuendesha mpango hutakiwa kutumika kwa kazi ya namna hiyo ya kutuliza mwendo wa magari.

Sasa dai la tatu, na hapa sikubaliani na wanachama wako hata kidogo. Dereva wa kazi hushinda barabarani kutwa, hubeba watu wengine, na kosa lake moja linaweza kuwafikia abiria waliomwamini. Kumwondoa yeye katika mfumo wa pointi ni kumlegezea sheria mtu ambaye barabara inamhitaji awe makini kuliko wote. Tena pointi ndiyo adhabu pekee katika orodha nzima ambayo mwenye fedha hawezi kuilipa akaisahau. Mwenye gari la kifahari akipoteza pointi tatu, amepoteza tatu sawa na mwanachama wako. Atakapofungiwa leseni anaweza kuajiri dereva, ni kweli, lakini angalau usukani utakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mkifuta pointi kwa kundi moja, mtafungua mlango ambao makundi yenye mawakili wazuri yatapita kwa urahisi zaidi kuliko ninyi. Uingereza, ambako dereva huongezewa pointi kwa kosa badala ya kukatwa, inalifahamu jambo hili: dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida hufungiwa leseni kwa miezi isiyopungua sita, lakini mahakama inaweza kumwacha aendelee akithibitisha kwamba kufungiwa kungeleta dhiki isiyo ya kawaida. Kutokana na nafasi hiyo, kuna maelfu ya madereva wanaoendelea kuendesha wakiwa na pointi 12 au zaidi, na si wote waliokuwa maskini.

Lakini hofu iliyo nyuma ya dai hilo ni ya kweli, na inaweza kujibiwa bila kufuta pointi. Ufaransa, tangu Januari 2024, haimwondolei dereva pointi kwa kuzidisha kikomo kwa chini ya kilomita 5 kwa saa, ingawa faini bado ipo. Huo ni utambuzi kwamba kosa la mkono kuteleza halipaswi kula leseni. Sehemu nyingi za Uingereza humpa mwenye kosa dogo nafasi ya kuhudhuria darasa la usalama badala ya kupewa pointi. Jimbo la Virginia nchini Marekani lilipitisha mwaka 2025 sheria inayomruhusu hakimu kuamuru gari la mkosaji lifungwe kifaa kinacholizuia kupita kikomo, badala ya kumfungia leseni. Pendekezo la namna hiyo lingewafaa sana wanachama wako. Dereva mwenye kidhibiti mwendo anaendelea kupata riziki, na wakati huo huo hawezi kumuua mtu kwa kasi. Anayekipinga kidhibiti hicho itabidi aeleze anachohitaji ni kazi au ni kasi.

Tenganisheni pia kufungiwa leseni kwa sababu ya hatari na kufungiwa kwa sababu ya deni. Mtu anayefungiwa kwa kushindwa kulipa faini hupoteza kazi, akishapoteza kazi hawezi kulipa, na mara nyingi huishia kuendesha bila leseni na bila bima. California iliacha mwaka 2017 kuwafungia watu leseni kwa faini zisizolipwa. Dai hilo lina haki ndani yake na halimwongezei mtu yeyote hatari.

Kuna jambo moja ambalo waraka wenu haukuligusa kabisa, na lilinishangaza, kwa kuwa chama chenu ni cha waajiriwa. Je, ni nani aliyepanga muda wa safari ya yule mwanachama? Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari, au anayekatwa akichelewa, anakimbia kwa amri ya mtu ambaye hayupo barabarani na ambaye faini haimfikii. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu saa za kuendesha inakataza kampuni za usafirishaji kuwalipa madereva kwa umbali, kwa haraka ya kufikisha au kwa wingi wa mizigo pale malipo hayo yanapohatarisha usalama, na inaiwajibisha kampuni kwa makosa ya madereva wake dhidi ya kanuni hiyo. Mkidai kitu kama hicho, kamera inapoonyesha kwamba magari ya mwajiri mmoja yanakimbia kila siku, mwajiri ataitwa ajieleze kuhusu ratiba zake. Zile safari za usiku ambazo mwanachama wako alizichukua ili kuziba pengo zinastahili swali hilo hilo, kwa sababu dereva mchovu anayetafuta pesa ya faini ni hatari mpya iliyozaliwa na adhabu yenyewe. Ningeliweka jambo hili juu ya yote mbele ya kamati, maana ninyi mna ushahidi ambao mtaalamu wa takwimu hana.

Kuhusu tawi, lipigeni picha, andikeni mahali na tarehe, na mwombe kamati ipendekeze kwamba kikomo kinachoshuka kutoka 80 hadi 50 kitanguliwe na kibao cha onyo mapema, na kwamba faini iliyoandikwa mahali ambapo kibao hakionekani iweze kupingwa bila gharama. Hilo halihitaji hoja ndefu.

Sasa namna ya kurudi kwa wanachama. Usiende na waraka mpya ukiwa umekamilika, watasema umeandikiwa na wakubwa. Nenda na ule wa kwanza, na kwa kila dai uliza swali moja: dai hili likikubaliwa, yule mwenye gari la kifahari atapata nini? Wacha wajibu wenyewe. Kisha mpe nafasi mwanachama aliyepigwa tochi aeleze ratiba yake ya siku ile, kama yuko radhi, bila kumtaja mwajiri kwa jina. Dada yako mwonyeshe rasimu kabla ya mkutano na umuulize sehemu gani bado ingemfanya airudishe mezani. Hahitaji kuja kuwahutubia, na madereva waliokasirika hawapendi kuhubiriwa na mtu ambaye hajawahi kukatwa mshahara wa wiki.

Kama wengi watakubali, tia sahihi na usome kwa sauti yako yote. Kama wengi watataka waraka wa zamani, kura ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama zilivyopigwa, mwenyekiti ausome waraka huo kwa niaba ya chama, nawe upeleke maoni yako kwa jina lako mwenyewe, ukiwa umewaarifu wanachama kabla, kwa kuwa kamati imesema inapokea pia maoni ya mtu mmoja mmoja.